Neno Alilotaka Lianguke

Hogla alikuwa mkunga wa Harafi, kijiji cha milimani katika Yuda, na mumewe Azareli alikuwa mchonga nira za ng'ombe. Azareli hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza jambo asubuhi, shukuru akikujibu kabla ya jua kutua.

Kwa hiyo watu walipigwa na bumbuwazi siku ile ya mvua za kwanza, aliposimama kwenye lango la kijiji mbele ya wazee na kumnyooshea kidole tajiri Pelati. Kila mtu alijua kwamba Pelati amesogeza jiwe la mpaka na kumega shamba la Zibia, mjane asiye na mtetezi. Kila mtu alinyamaza, maana nani hakuwahi kunywa divai ya Pelati? Azareli alikuwa akitetemeka kama mwenye homa.

"Bwana asema hivi," alisema. "Nyumba uliyoinenepesha kwa shamba la mjane haitasikia kilio cha mtoto."

Siku hiyo hakuna aliyejua kwamba Mahalathi, mke kijana wa Pelati, ni mjamzito. Hata mwenyewe hakujua.

Tangu hapo nira za Azareli zilikosa wanunuzi. Kisimani wanawake walimpisha Hogla kwa dhihaka. "Mpisheni mke wa nabii," walisema, "asije akatushushia moto, na nguo bado hatujafua." Hogla alicheka nao, kisha akarudi nyumbani na mtungi wake. Hakumchukia mumewe kwa kusema. Kilichomuuma ni kwamba alikwenda langoni bila kumwambia yeye neno, kana kwamba si mkewe.

Zabibu zilipoiva, asubuhi moja, mama yake Pelati alikuja mlangoni akihema. Jina lake Yekolia, bibi mwenye maringo, na siku hiyo alikuwa peku.

"Hogla, mkwe wangu ana uchungu tangu jana. Mtoto hashuki. Ukitaka nikupigie magoti, nitapiga."

"Magoti hayo yakishuka, mama, nani atayainua? Tangulia, nakuja."

Yekolia alipoondoka, Hogla alianza kukusanya vitu vyake: chumvi, mafuta, vitambaa, na yale mawe mawili ambayo mzazi huchuchumaa juu yake akijifungua. Azareli alisimama karibu, tezo ya kuchongea mkononi.

"Mtoto akizaliwa hai," alisema polepole, "mimi nimesema uongo kwa jina la Bwana. Unajua mtu wa namna hiyo hupigwa mawe."

"Najua. Na akizaliwa amekufa?"

Azareli aliitazama tezo yake. Hogla akamtazama usoni.

"Nakuuliza, mume wangu. Unataka niende nikafanye nini?"

"Nenda ukamtoe mzima," alisema. Aliweka tezo chini, akainama, akayabeba yale mawe.

Pelati alikuwa amesimama mlangoni pake, macho mekundu. Alipomwona Azareli akaziba njia. "Huyu hakanyagi hapa."

"Huyu ndiye mbeba mawe yangu," Hogla alimwambia. "Ukitaka yabebe wewe, lakini yabebe sasa hivi. Mkeo hana muda wa ugomvi wenu."

Pelati aliyapokea mawe. Azareli akaketi nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani.

Ndani, Hogla alipapasa tumbo la Mahalathi na kukuta alichokihofia: mtoto ametanguliza miguu. Alipaka mikono mafuta. Mahalathi alimshika kifundo cha mkono.

"Mama, bwana wako alinilaani?"

"Hakukulenga wewe, mwanangu. Alikuwa na hasira juu ya shamba. Pumua. Usisukume mpaka nikuambie."

Ndipo wote wakasikia sauti ya Azareli kupitia dirishani. Hakuwa akisema nao.

"Neno ulinipa wewe, Bwana, sikulitunga. Sasa lirudishe. Liangushe chini, watu walikanyage. Niaibishwe mimi. Mtoto hajasogeza jiwe la mtu."

Alirudia hivyohivyo, kwa sauti iliyokwaruza, yeye aliyekuwa bahili wa maneno maisha yake yote. Hogla hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, aliyaacha yatiririke. Yekolia alimfuta kwa ncha ya shela yake.

Pelati naye alikuwa akisikia. Alichukua sururu iliyoegemea ukuta, akaondoka bila kuaga, akashika njia ya mashambani.

Mtoto alitoka jua likiwa utosini, wa kike, mnyonge, wa buluu. Hogla alimpangusa mdomo, akampiga nyayo, akampulizia. Kimya. Akampulizia tena. Kisha kikatoka kisauti kama cha mwanambuzi, halafu kilio chenyewe, kikali, cha kulalamikia dunia. Mahalathi alilia, Yekolia alilia, na nje ya dirisha mtu mzima alikuwa akilia kwa kwikwi. Hogla alimsugua mtoto kwa chumvi na mafuta, akamviringisha vitambaa.

Pelati alirudi amejaa udongo hadi viwikoni. Jiwe la mpaka wa Zibia lilikuwa limerudi mahali pake. Alipoonyeshwa bintiye, alikaa chini palepale.

Jioni wazee waliketi langoni. Mmoja wao alisema, "Azareli, neno lako limeanguka. Sheria unaijua."

"Naijua," alisema Azareli.

Pelati ndiye aliyesimama. "Mwacheni. Huyu alimlilia mwanangu wakati mimi nilikuwa nalilia heshima yangu. Atakayeokota jiwe, aanze na mimi."

Hakuna aliyeokota. Baadaye watu walibishana sana. Wengine walisema mtoto alilia baada ya jiwe kurudi, kwa hiyo nabii alisema kweli na Mungu akasamehe. Wengine walitikisa vichwa. Hogla alikuwa amemwona kupitia dirishani: mtoto alilia Pelati angali njiani, hata sururu haijagusa udongo. Walipomwuliza, alisema tu kwamba alikuwa ameinama kazini, hakuona kitu.

Walirudi nyumbani pamoja, Azareli na yale mawe ya uzazi mikononi.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Hogla aliuliza. "Kabla ya kwenda langoni."

Azareli aliyakumbatia mawe kifuani. "Niliogopa utanizuia. Na ningekusikiliza."

Hogla alimpokonya jiwe moja akalibeba mwenyewe, na kwa mkono uliobaki akamshika mumewe, wakapanda mlima polepole.