Maji Chini ya Mafuta

Tii. Kimya. Kisha tii tena.

Selpher aliusikia mlio huo gizani, saa kumi na moja alfajiri, stima ikiwa imepotea mtaa mzima wa Kware kwa sababu ya mvua ya usiku. Ulikuwa mfereji wa jikoni. Maji ya ploti yao huja Alhamisi, na hii ilikuwa Jumanne, kwa hiyo alijua si maji. Alimtoa mwanawe Marion mkononi polepole asimwamshe, akawasha tochi ya simu, akakinga kwa chupa tupu ya jemu.

Ilipofika nusu kulikuwa kumepambazuka, akaipeleka kitandani.

"Baba Marion, hii ni nini?"

Mumewe, Mukhwana, alinusa. Kazi yake ni kujaza mafuta ndege ndogo na kuzikagua kabla hazijaruka. "Mafuta ya ndege," alisema. "Na yana maji."

Ndani ya chupa, juu palikuwa na mafuta ya buluu nyepesi. Chini maji yalikuwa yametulia, unene wa vidole viwili.

"Jana ulitoa mafuta ya chini ya tangi ukaangalia kama yana maji?"

Mukhwana akaanza kutafuta soksi. Uwanjani kwao fomu za ukaguzi wa asubuhi husainiwa jioni yake, ili wageni wa mbugani wasicheleweshwe. Jana alisaini za ndege tatu akiwa getini, begi mgongoni. Na ndege moja kati ya hizo, mpira wa kifuniko cha tangi lake umekatika tangu Pasaka, mvua huingia.

"Piga simu," Selpher alisema. "Soksi baadaye."

Rubani wa ndege hiyo, Kapteni Ndeti, alipokea akiwa ameshafunga mkanda, abiria wanne nyuma yake.

"Si wewe umesaini, bana?"

"Nilisaini kabla ya mvua, Kapteni. Shuka utoe mafuta kidogo uone."

Simu haikukatwa. Walisikia mlango, hatua, kisha kitu kikitiririka kikombeni. Selpher alishika shati la mumewe.

"Mukhwana," Ndeti alisema, "kikombe cha kwanza ni maji matupu. Cha pili pia." Akashusha pumzi. "Injini ingezimika hapo juu ya paa zenu."

Selpher aliketi sakafuni, akacheka bila sauti mpaka machozi yakatoka. Kisha akapika chai, akaongeza maziwa yote yaliyobaki.

"Mfereji wangu hutoa mafuta ya breki," Mama Otiende wa mlango wa pili alimwambia wakianika nguo. "Si unajua mzee wangu yuko gereji? Wewe kinga na kitu chenye mdomo mpana, mama. Chupa utamwaga."

Ndege iliruka saa tatu, ikarudi salama. Mukhwana alirudi jioni na mkate. Mkubwa wake alikuwa amemshukuru mbele ya watu, akasema mpira utanunuliwa mwezi ujao, kisha akampa fomu za kesho.

"Ukasaini?"

"Zote tatu. Kuna vijana wawili getini wanaitaka hii kazi."

Selpher alisuuza beseni la kuogea mtoto, akaliweka chini ya mfereji, wakaketi kula. Ugali ulikuwa wa moto, na wote watatu walikuwepo.

Marion akaweka kijiko chini.

"Baba, mfereji umeanza."