Ubeti wa Mia

Nyumba ya Asakage haikuwahi kwenda vitani bila kwanza kutunga beti mia. Watu hukaa barazani tangu usiku wa manane, huyu anatoa ubeti, mwenzake anaujibu, wa tatu anamjibu wa pili, mpaka mnyororo utimie na kupelekwa kwenye hekalu la mungu wa vita kabla jua halijazama. Ukikatika njiani, dua ya nyumba nzima imeanguka, na kesho yake hakuna askari anayeshika mkuki kwa moyo. Ubeti wa mwisho una masharti yake: uwe mfupi, uwe wa majira ya kuchanua, uwe wa furaha, na kifo kisitajwe hata kwa mbali. Wenye akili zao huutunga mapema wakauficha kwenye mkono wa joho.

Norikage hakuficha kitu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, bwana wa nyumba tangu baba yake alipofariki wakati wa theluji, na ubeti wa mia ulikuwa wake kwa haki.

"Ubeti wa jana ni kiporo," alisema, na wazee wakatazamana.

Yaheiji aliyasikia hayo akiwa chini ya ngazi, ameshika hatamu za farasi wawili. Yeye na Norikage walinyonya ziwa moja, maana mama yake Yaheiji ndiye aliyekuwa mlezi wa bwana mdogo. Mashairi hakuyajua. Farasi aliwajua kama vidole vyake.

Juu, Bibi Isono, mama wa Norikage, aliandika ubeti wa tisini na tisa na kuusoma kwa sauti:

*Maua ya cheri yamefunika njia ya langoni.*
*Sijayafagia: ayakanyage arudiye.*

Norikage akafumba macho kuujibu. Hapo hapo ngoma ikalia mtoni. Moriwaki, adui wa nyumba hiyo, alikuwa amefika kivukoni na jeshi lake, siku mbili mapema kuliko alivyotarajiwa.

"Sema lolote, bwana mdogo," mzee mmoja akamsihi. "Lolote, tufunge."

"Lolote siyo ubeti, mzee wangu." Tayari alikuwa anafunga kamba za deraya. "Mama, nitauleta kabla ya jua kuzama."

"Karatasi haikunjwi," akasema Bibi Isono. "Na wino hautakauka. Nenda."

Waliteremka kilima mbio, watu mia mbili nyuma yao, na Yaheiji alijisikia raha ambayo hangeweza kumweleza mtu. Asubuhi ilinukia matope na maua. Tena ilinukia udi.

"We bwana, umefukiza kofia," Yaheiji akapaza sauti. "Unakwenda vitani au unaolewa?"

"Kichwa changu kikienda ugenini, kisiende kikinuka jasho lako."

"Na ubeti wa kuaga dunia umeandika? Vijana wote wa nyumba kubwa wameandika."

"Anayeaga ni anayeondoka," Norikage akasema. "Mimi nina miadi na Mama jioni. Nyamaza sasa, nahesabu."

Kweli alikuwa anahesabu, vidole vikigonga hatamu, midomo ikicheza. Mishale ya kwanza ilipopita juu yao alikuwa bado anahesabu.

Kivukoni maji yalifika kwenye matumbo ya farasi. Norikage alisimama kwenye vikuku vya tandiko akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ambayo hata ng'ambo waliacha kupiga kelele wasikie. Kisha wakavaana. Mara tatu walisukumwa, mara tatu wakarudi, na Yaheiji akajikuta anacheka huku anapigana, kama mwendawazimu.

Katikati ya vurumai ile, farasi wa kijivu wa Norikage, mwanafarasi aliyeanza kutandikwa majira haya tu, aligeuza shingo kuelekea kilimani. Upepo ulikuwa umemletea harufu ya zizi lake. Alivutwa, akagoma. Akavutwa tena, akaanza kuondoka kwa maringo, kana kwamba vita si vyake.

"Nimeupata," Norikage akasema.

"Umepata nini? Mgeuze huyo mnyama."

Norikage aliruka chini, akajikunyata nyuma ya jiwe, akatoa kidau cha wino na kipande cha karatasi. Yaheiji alimkinga kwa ngao, akitukana mashairi na kila aliyewahi kuyatunga.

"Nisomee basi, nijue ninafia nini."

"Utausikia mbele ya Mama, pamoja na wengine." Aliikunja karatasi, akaisokomeza ndani ya kofia, akamkimbilia mwanafarasi, akarukia tandiko. Uso wake uling'aa.

Hakwenda hatua ishirini. Mkuki ulimpata chini ya kwapa, mahali ambapo deraya haifiki. Kabla Yaheiji hajamfikia, kichwa kilikwisha kukatwa na kuvushwa ng'ambo pamoja na kofia, na mwanafarasi ametimua mbio peke yake.

Adhuhuri pande zote mbili zilisimama kuokota maiti. Yaheiji aliweka upanga chini, akaingia majini mikono mitupu, analia waziwazi. Anayekwenda kudai kichwa cha bwana wake haguswi. Hilo kila mtu analijua.

Moriwaki alikuwa mtu mnene, mvi zimeanza. Mbele yake kilikuwa kichwa cha Norikage, kimeoshwa na kuchanwa nywele, na karatasi ilikuwa mkononi mwake.

"Wewe nani wake?"

"Tulinyonya ziwa moja."

"Pole, ndugu yangu. Kaa." Akapangusa macho bila aibu. "Nimesoma beti za kuaga labda mia tatu. Umande, ndoto, umande tena. Wote wanalia. Huyu kakiona kifo na anacheka. Kichwa chukua, kwa heshima zote. Ubeti naubakiza, wanangu waujue ushujaa."

Kichwa bila ubeti. Yaheiji alitazama jua, lilikwisha kupinduka.

"Bwana, huo si wa kuaga."

"Si wa kuaga?"

"Hakuandika wa kuaga. Huo ni wa mia. Mama yake anaungoja, karatasi iko wazi."

Moriwaki aliisoma tena, polepole, na mkono wake ukashuka. Naye alikuwa na mnyororo wake, umetimia jana, uko hekaluni kwao.

"Unajua unaniomba nini?" akasema. "Nikikupa hii, dua yenu inafika. Ya kunishinda mimi."

"Najua, bwana."

Moriwaki alikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye kiganja cha Yaheiji na kuvifunga vidole vyake kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwenye miadi na mama yake sitamchelewesha. Panda farasi wangu, ndiye mwenye mbio."

Yaheiji alipanda kilima kama aliyewashiwa moto mgongoni, kifurushi cheupe kifuani, akishindana na jua. Langoni akavuta hatamu. Maua yalikuwa yametapakaa njia nzima, hayajafagiwa, na katikati yake palikuwa na nyayo za kwato zinazoingia ndani.

Bibi Isono alikuwa palepale barazani, anasaga wino. Alikitazama kifurushi, akaweka mkono juu yake, akauacha hapo kwa muda mrefu. Mkono wa pili ulipokea karatasi. Akaisoma kwa sauti, kama desturi inavyotaka, na wazee wote wakasikia:

*Mwanafarasi kanusa harufu ya kwao,*
*hatamu haina kazi tena.*

"Moriwaki alidhani anaaga, Bibi," Yaheiji akasema.

"Hakuaga. Kanijibu." Akachovya brashi, akauandika chini ya ubeti wake, akampa mzee mmoja mnyororo aukimbize hekaluni kabla jua halijazama. Kisha akamwuliza Yaheiji, "Umemwona mwanafarasi?"

"Nimeona kwato tu, Bibi."

"Aliingia adhuhuri," akasema, "anaburuta hatamu. Nikatoka mbio kumpokea mwanangu."