Mto Upite Katikati

…na usiachie, ukiachia sasa ukingo wa kipande hiki cha ubao utabanduka na kazi yote ya asubuhi itakuwa kazi bure, bana tu, dole gumba huku, kiganja kule, mpaka gundi ishike, na vibanio vingefanya hii kazi vizuri kuliko mikono yangu lakini vibanio viko kwa shemeji, vyote, viliondoka na gari la mizigo siku alipohama, hajavirudisha wala hajapiga simu kuuliza kama ninavihitaji, wiki kwa wiki kimya, shemeji gani huyo, na hata ushemeji wenyewe umekwisha, talaka imetoka, sasa nimwite nani, rafiki, rafiki gani asiyejua kubonyeza simu… dada anasema kitu huko sebuleni, pasi inafoka, ananiuliza au anajisemea, sijui, naitikia mm, mm haijawahi kumgombanisha mtu na dada yake, anaendelea, kitu kuhusu kola, sawa, kola… kazini wananicheka, mtu mzima mzima, fundi wa meno ya bandia, mchana anachonga magego ya watu, jioni anachonga vilima ili vijiaskari vya plastiki visivyofika urefu wa kidole vipate mahali pa kupigania, wacheke, hakuna hata mmoja kati yao anayejua raha ya kuitandaza nchi nzima mezani, mto, gofu la kanisa, shamba lenye ua wa mawe, halafu ukae mkabala na mtu mmoja unayempenda na msipatane mpaka chakula kipoe, na mtu huyo kwangu alikuwa mmoja tu, mume wa dada yangu, bahati gani hiyo, kati ya watu wote duniani mimi nikampata rafiki ndani ya ndoa ya mwingine… na meza yetu ya kwanza ilikuwa nyumbani kwao, chumba cha kulia, nzito hiyo, milima na mto vimegandishwa juu yake, haihamishiki, dada alikuwa anatuwekea vikombe vya chai juu ya milima na sisi tunapiga kelele, siku ya kugawana nyumba wapakiaji wakaona haipiti mlangoni, wakaikata kwa msumeno, nilikuwepo, niliona mto ukikatwa na hakuna aliyeniangalia, friji kwa mume, makochi kwa mke, kabati kwa mke, na mimi, bila kuulizwa, kwa mke, kwa sababu damu nzito kuliko maji, dada akaja kukaa kwangu na mabegi yake na ikawa imeandikwa mbinguni kwamba nina upande… wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe hizi hapa, nimezipandikiza mwenyewe kwa kibano cha kazini, unywele mmoja mmoja, ndiyo kwanza zimekauka.

Lakini pale kwenye gari la mizigo tuliafikiana, sikuota, shemeji alikuwa na godoro kichwani akanong'ona, tutengeneze ubao mwingine, wa vipande, unaobebeka, unaingia kwenye sanduku lenye mpini, nusu utengeneze wewe, nusu mimi, ukimaliza niambie, nikimaliza nitakwambia, na mto upite katikati, na hapo alicheka na godoro lake kichwani kwa sababu sote tulikumbuka, jaribio letu la zamani la vipande, tulikaa mezani tukitazamana, kila mtu akapima mahali pa mto kuanzia mkono wake wa kushoto, mafundi wawili wenye rula, na kushoto kwangu ni kulia kwake, tulipokuja kuunganisha mto wake umepita kule, wangu huku, mito miwili imepishana kama majirani wasiosalimiana, dada akaingia na chai, akatazama, akasema hata mito yenu imenuniana, akacheka mpaka akaweka trei chini, sote watatu tukacheka, siku hiyo nilidhani nyumba ile haitavunjika kamwe… tangu hapo ikawa sheria, mto utoke katikati kabisa ya kila ukingo, ukigeuza kipande utakavyo utakutana tu na mwenzake, katikati hakuna kulia wala kushoto, ni rahisi kwenye ubao, dada aliniambia wiki ile ya kwanza, mdogo wangu, hapa hakuna katikati, nikasema mm… basi nimepiga msasa, nimepaka rangi, nimemwagia mchanga, nimetia sumaku ubavuni mwa kila kipande, hiki ndicho cha mwisho, na yeye kimya, pengine ameshapata mtu mwingine wa kucheza naye, jirani mpya, mwenye meza kubwa, asiye na dada, na simu nimeiweka pale dirishani uso juu kama mjinga anayengoja matokeo… pasi imenyamaza, nyayo, dada yuko mlangoni na shati langu mkononi, anatazama mikono yangu.

"Bado unabana?"

"Bado."

"Usiiangalie tena hiyo simu. Hatapiga." Nikasema najua, watu ndivyo walivyo, naye akatikisa kichwa, si hivyo, akalikunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Alishapiga. Ulikuwa unaoga, nikapokea. Alisema upande wake umekwisha, anauliza lini mtaunganisha. Nikamwambia umeacha mambo hayo, na umesema asikutafute." Halafu, polepole, "Kila kitu tuligawana. Nilibaki na wewe tu."

Na mimi nimebana, mikono yote miwili, siwezi kutupa kitu, siwezi hata kujipangusa uso, kikulacho ki nguoni mwako, kiko nguoni kabisa, kinazipiga pasi nguo zenyewe, nataka kumwambia mimi si kabati, dada, mimi si kochi, lakini anasimama vile alivyosimama mama alipokuwa anajua amekosea na haombi msamaha, bega moja chini, na nina chuki, ndiyo, namchukia sasa hivi kwa moyo wote, na papo hapo naona soksi zake zimetoboka kisigino… amegeuka, amerudi sebuleni, maji yanamiminwa kwenye pasi… sasa nitakwenda, mchana kweupe, na sanduku langu mkononi nitapita hapo hapo mbele yake, sina la kuficha, nitabisha hodi, shemeji akifungua nitamwambia uliongopewa, sikusema vile… lakini subiri, yeye aliamini, simu moja tu, mtu aliyekaa nami mezani miaka yote ile, anayejua kwamba nikikaribia kushindwa najikuna shingo, aliambiwa nimemtupa akasema haya, hakuja hata kugonga, hakutuma hata neno la kunitukana, nimuulize hilo kwanza, uliaminije, nitamuuliza kabla hajanikaribisha… naye atanitazama aniulize, na wewe je, ulinyamaziwa tu, hukuambiwa na mtu yeyote, mbona nawe uliamini, mbona hukupiga… kweli, mbona sikupiga, simu iko pale dirishani, ilikuwa pale kila siku, nilijua namba yake kwa moyo, dada alidanganya mara moja tu, sentensi mbili, yaliyobaki yote tumeyafanya sisi wawili, kila mtu nyumbani kwake, akipaka rangi mto wake na kumlaani mwenzake, na dada kutoka sebuleni anauliza, sauti ya kawaida kabisa, kama nikienda huko kwa shemeji nitavaa shati hili au lile la mistari, alipige pasi, nami naitikia mm, naitazama simu pale dirishani, dole gumba huku, kiganja kule, mpaka gundi ishike.