Kuona Mbali

"Mbali au karibu?" nesi aliuliza, kalamu juu ya fomu.

Bi Vifungo, tayari ndani ya gauni la hospitali, aliitazama ile kalamu. Swali lile lile aliulizwa miaka sita nyuma, siku ya Alhamisi, walipomtoa mtoto wa jicho wa upande wa kulia. Siku hiyo alicheka. "Mwanangu, nani asiyetaka kuona mbali?" Chumba kizima kikacheka naye, maana ni nani atajiombea upumbavu? Ikaandikwa hivyo. Hakuna aliyemwambia kuwa swali lilihusu kioo, si busara. Kwamba kioo wanachokitia ndani ya jicho huona umbali mmoja tu, na hakivuliwi kama miwani.

Basi akaona mbali. Aliona mjusi kwenye dari ya karakana ya ushonaji. Alimwona msimamizi tangu langoni, akawanong'oneza wenzake, "Kikohozi hicho kinakuja," nao wakainamia vyerehani. Lakini sindano ya mkononi mwake iligeuka ukungu, na kazi yake ilikuwa kushona matundu ya vifungo kwa mkono. Ndiyo iliyompa jina. Akapewa miwani, mvuke wa pasi ukaitia jasho. Ya pili aliikalia. Ya tatu ilikuwa ya marehemu jirani yake. Jicho la kushoto ndilo lililomlisha miaka yote hiyo, akiliinamia shati kama anayelinusa, hadi nalo likaingia maziwa. Shati la bwana harusi likarudi, tundu limepishana na kifungo. Msimamizi hakugomba. Alimhamishia kwenye kukunja mashati, akasema kukunja nako ni kazi.

"Karibu," alisema sasa.

Nesi alieleza, kwa upole wa mtu mwenye foleni, kwamba macho yasiyolingana huleta kizunguzungu, na wengine hawazoei kamwe.

"Kizunguzungu tunajuana. Wewe andika."

"Karibu kiasi gani, bibi?"

Bi Vifungo alichomoa sindano iliyochomekwa kwenye mtandio wake, akaiinua mpaka pale alipoishika kwa miaka arobaini. "Hapa."

Nesi alitazama sindano, kisha akatafuta rula. Akapima kutoka jichoni hadi kwenye ncha, akarejea vipimo vya asubuhi, akapiga hesabu na kuandika namba ya kioo, ishirini na tano. "Ngoja nikutafutie namba hiyo." Akaenda kwenye kabati mwisho wa ukumbi, walikopanga visanduku vya vioo vya msaada, namba ya kila kimoja ubavuni.

Kidole cha nesi kilianzia rafu ya juu, polepole. Jicho la kulia la Bi Vifungo lilikuwa limeshafika ya chini. Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini na moja, mpaka kwenye kona. Aliyevituma alidhani watu wote huku wana jicho moja na kazi moja, kutazama barabara.

Nesi alipogeuka, sindano ilikuwa imerudi kwenye mtandio. Bi Vifungo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, mikono imefika mgongoni mwa gauni la hospitali, akifungua kamba moja baada ya nyingine bila kuzitazama. Gauni zima halikuwa na tundu la kifungo hata moja.