Kijiti cha Kumi na Nne

Jumanne ya wiki iliyotangulia Sikukuu ya Shukrani, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Lempi Kivela aliingia katika duka la donati la Manny Furtado, akakung'uta theluji kwenye viatu, akatundika koti na kuagiza kahawa isiyo na sukari. Wazee wa Klabu ya Mbio ya Wendham walikuwa wameshaanza kugombana. Wamekuwa wakigombana kila Jumanne kwa miaka mitatu, tangu walipoamua kutengeneza bamba la shaba lenye majina ya wakimbiaji kumi bora wa mbio ndefu ambao Marekani imepata kuwa nao. Bamba lingepigiliwa ukutani kwenye Ukumbi wa Wafini, ule uliojengwa na wahamiaji kutoka Ufini. Majina tisa yalikuwa yamepatikana, mengine kwa kura, mengine kwa sababu mpinzani alikauka koo. Lilibaki la kumi.

"Dell Hargrove," alisema Manny akiwa nyuma ya kaunta. "Mtu kavunja rekodi ya maili sita huku ana mafua. Mnataka nini tena nyie?"

"Hargrove alikuwa wa uwanjani," alijibu Walter Hanrahan, ambaye ana miaka themanini na sita na hutafuna donati upande mmoja tu. "Tambarare kama meza. Mlete hapa apande kilima cha Pratt uone kama hajamwita mama yake."

"Basi Chuy Ruiz."

"Ruiz kazaliwa Meksiko."

"We Walter! Babu yako wewe kazaliwa wapi? Hebu tuanzie hapo."

Walter alisema babu yake hakuwa mkimbiaji. Roland Thibodeau, mwenyekiti, aligonga kikombe kwa kijiko. Roland alifundisha hesabu miaka thelathini na minane na bado anagonga kijiko kama anayenyamazisha darasa. Mbele yake lilikuwa jalada la buluu ambamo karatasi zote za klabu huhifadhiwa, hata zile ambazo panya alishazionja.

Saa mbili na dakika ishirini Aune alipita nje ya dirisha, fulana nzito nyekundu, utepe kichwani, pumzi yake ikitoka kwa mvuke. Manny alitazama saa ya ukutani, akaisogeza mbele dakika moja.

Aune ni dada mkubwa wa Lempi. Ana miaka kumi na tisa, na amekuwa na kumi na tisa tangu asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1964, alipojiunga na Mbio za Bata Mzinga, maili nane kuuzunguka mji. Siku hizo mwanamke hakuruhusiwa kukimbia umbali huo, kwa hiyo alijificha nyuma ya ghala la mbao mpaka wanaume walipoanza, ndipo akatoka. Alimaliza wa kumi na nne. Mwishoni palikuwa na njia nyembamba iliyozungushiwa kamba, na kwenye mdomo wa njia hiyo alisimama mtu mwenye rundo la vijiti vya aiskrimu vilivyoandikwa namba. Mkimbiaji alipokea kijiti chake, akakipeleka mezani, jina lake likaandikwa kwenye mstari wenye namba ile, na hapo tu ndipo alipohesabiwa kuwa amemaliza. Aune alinyoosha mkono. Mwenye vijiti alikificha cha kumi na nne mgongoni, akampa mwanamume aliyefuata. Kwa kuwa hakuwa amemaliza, Aune aliendelea.

Baba yao alimkumbatia ili amzuie, akamshikilia nusu saa nzima, naye akawa anakimbia papo hapo mikononi mwa baba mpaka mikono ikachoka. Daktari alipima mapigo ya moyo akasema ni ya mtu aliye katikati ya mbio, hana ugonjwa. Baada ya majira mawili ya baridi mji ulishazoea. Gari la kuondoa theluji humpisha. Mbwa waliacha kumbwekea. Mama yao alimpa mkate mtamu wa iliki kila mchana pale kwenye geti, na alipofariki, mwaka 1991, Lempi alimpa dada yake habari hiyo kwa mafungu, maana mzunguko mmoja huchukua dakika sitini na nne na mtu huwahi kusema sentensi moja tu, mbili akijitahidi. Ilichukua mizunguko minne. Aune alilia mzunguko mzima, na aliporudi aliuliza mama amezikwa na gauni gani.

Tangu hapo Lempi ndiye amekuwa akimtunza. Viatu huisha kila baada ya siku tatu. Kanisa huvikusanya, Lempi huvipeleka juu ya kilima cha Pratt, ambapo Aune huweza kurukaruka kwa mguu mmoja kwa muda wa kufunga kamba, cha kushoto mzunguko huu, cha kulia mzunguko ujao. Sasa Lempi ana miaka sabini na minne na nyonga yake imekataa kilima. Binti yake Marjorie amemtengea chumba Ohio. Wangeondoka Jumamosi baada ya sikukuu. Lempi hakuogopa Ohio. Aliogopa kumwacha dada yake njiani, na woga huo ndio uliomleta dukani asubuhi ile.

"Namtaja Aune," alisema. "Kwa nafasi ya kumi."

Wazee walitazama vikombe vyao. Si kwamba walishangaa. Waliona haya kidogo kwamba hawakumfikiria wenyewe.

Roland alichukua karatasi ya kufutia mikono akaanza kupiga hesabu. Maili nane, dakika sitini na nne, usiku na mchana, miaka sitini. Akarudia kuhakikisha. "Maili milioni tatu na laki tisa," alisema, "na ushee."

"Hargrove ndiyo basi tena," alisema Manny kwa huzuni.

"Umbali sawa," alisema Walter. "Lakini muda je? Maili nane kwa miaka sitini. Hata mama mkwe wangu angemwacha, na yule alikuwa na miguu ya kuvimba."

"Walter, acha ushamba."

"Natania tu. Namheshimu sana, Lempi anajua."

Lempi alijua. Walter ndiye aliyekuwa na vijiti siku ile.

Roland alifungua jalada. "Iko kanuni ya nne," alisema, na sauti yake ikawa ya darasani. "Haingii kwenye orodha mtu asiye na mbio hata moja aliyoimaliza na ikaandikwa."

"Naijua," alisema Lempi. "Ndiyo iliyonileta. Bamba lenu silitaki, mtanisamehe. Nataka aandikwe kwamba amemaliza. Mkitaka kumweka kwenye shaba, mwandikeni kwanza kwenye karatasi. Akishaandikwa, atasimama, nimpeleke nyumbani akaoge, alale."

"Mimi nilijaribu, Lempi," alisema Walter. Alizungumza akitazama donati yake. "Mwaka themanini na nane. Nilitengeneza kijiti kingine, nikaandika kumi na nne, nikaenda kusimama pale pale. Akakipokea vizuri, akanishukuru. Mguu haukusimama. Akaniambia mzunguko uliofuata, 'Walter, kwenye karatasi mstari wangu una Leland Crosby.' Ni kweli. Siku ile ya mbio nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu akinipa kanuni naifuata kama punda. Najuta mpaka leo."

"Basi hakuna tatizo," alisema Lempi. "Roland, karatasi unayo. Mwenyekiti anaruhusiwa kusahihisha na kutia saini. Mwandike Aune wa kumi na nne, Crosby awe wa kumi na tano, wengine washuke mmoja mmoja. Crosby mwenyewe kafa, hatanuna."

Roland aliitoa karatasi ya mwaka 1964. Ilikuwa imepigwa taipu na imekuwa ya manjano pembeni. Aliweka kidole kwenye mstari wa kumi na nne, akakishusha taratibu, kumi na tano, kumi na sita, kama anayeshuka ngazi gizani. Kilifika ishirini kikasimama. Hapo palikuwa pameandikwa R. Thibodeau.

Ishirini wa kwanza walipewa bata mzinga. Wa ishirini na moja alipewa supu, kama kila mtu.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema Roland. "Nikambeba yule bata begani mpaka nyumbani, maili mbili. Baba yangu alikuwa ametoka kiwandani, kakaa jikoni. Alisimama, Lempi. Akanipa mkono. Hakuwahi kunipa mkono kabla, na hakunipa tena." Alikifuta kioo cha miwani yake. "Wajukuu zangu wanaijua hadithi hiyo. Wameiandikia insha shuleni."

"Mkono alishakupa," alisema Lempi. "Hawezi kuurudisha, yuko kaburini. Mimi dada yangu yuko barabarani."

Roland alivaa miwani yake. Alikuwa mtu mwema. Alimfundisha Marjorie kugawanya bila kumkaripia hata siku moja, na mapema kila Jumatatu humwachia Aune chupa ya maji kwenye nguzo mbele ya nyumba yake. Aliitazama karatasi, akahesabu tena mistari mpaka ishirini. Manny alijaza vikombe bila kuombwa. Saa tatu na dakika ishirini na nne Aune alipita tena dirishani, na wote wanne waligeuka kumtazama, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miaka mingi.

"Napendekeza," alisema Roland hatimaye, "tuifute kanuni ya nne."

Lempi aliweka kikombe chini.

"Sikilizeni. Kanuni hiyo ni ya kijinga. Tuifute, tumweke Aune Kivela kwenye bamba bila kumtaka amalize. Na tusimweke wa kumi. Wa kwanza. Juu ya wote. Nani mwingine Marekani hii ana maili milioni tatu na laki tisa? Ruiz? Hargrove?"

"Na ushee," alisema Manny.

"Na ushee."

Walter alisema yeye anataka karatasi isahihishwe, na kama hawataki waache kumpamba mtu wasiyetaka kumwandika. Aliinua mkono peke yake. Manny alijikuna shingo. "Lempi, mimi sitakudanganya," alisema. "Watu wanatoka Boston kuja kukaa dirishani kwangu kumwona. Akisimama, nitawaonyesha nini? Walter akitafuna?" Akainua mkono upande wa Roland. Lempi hakuwa na kura. Klabu huandikisha wakimbiaji tu, naye hajawahi kukimbia, hakuwa na nafasi.

Kura zilikuwa mbili kwa moja. Roland aliandika uamuzi kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, akatia saini, akaanza kulia machozi ya kweli, akasema hii ni siku kubwa kwa wanawake wote wa Wendham. Lempi alikunywa kahawa yake mpaka mwisho kwa sababu alishailipia. Kisha alivaa koti. Alikuwa na hasira kiasi kwamba vifungo vilimshinda, Walter akamfungia.

Bamba lilipigiliwa Alhamisi, siku ya sikukuu, baada ya mbio. Jina la Aune lilikuwa juu kabisa kwa herufi kubwa kuliko za wengine. Mwenyewe alipita wakati wa hotuba, na watu walimpisha na kumpigia makofi.

Jumamosi asubuhi Lempi aliketi juu ya kilima cha Pratt kwenye kiti cha kukunja. Marjorie alikuwa ndani ya gari, injini ikinguruma, mizigo imejaa mpaka dirisha la nyuma. Walter alikuwa amekuja na fimbo yake na mfuko wa viatu vya kanisani, maana Lempi alikuwa amemwambia aje ajifunze.

Aune alipofika aliinua mguu wa kushoto.

"Wamekuweka wa kwanza," Lempi alimwambia huku akivuta kamba. "Marekani nzima."

Aune alitabasamu akaondoka. Marjorie alizima injini. Baada ya dakika sitini na nne Aune alirudi akainua wa kulia.

"Kwenye karatasi?" aliuliza.

"Hapana. Kwenye shaba. Roland amekataa."

Aune alishuka kilima. Marjorie alitoka garini, akasema, "Mama, hivi tutafika Ohio lini?" akarudi ndani mwenyewe kwa sababu ya baridi. Lempi alikaa akingoja hasira ya dada yake. Aliitaka. Ingemsaidia kubeba yake.

"Yule mtoto wa Thibodeau," Aune alisema alipofika mara ya tatu, "alikuwa akihema vibaya sana siku ile pale kwenye daraja la kwanza la mto. Nilimwambia alegeze mabega. Alilegeza?"

"Alilegeza," alisema Lempi.

"Vizuri."

Viatu vilivyofungwa asubuhi ile vilikuwa havijachakaa bado, lakini Walter ilibidi ajaribu. Alipiga goti kwenye theluji, kazi iliyomchukua muda, akafunga kamba ya kushoto, Aune akirukaruka na mkono mmoja begani kwake.

"Fundo mara mbili, Walter," alimwambia.

Akafunga mara mbili. Lempi alitaka kumkumbatia dada yake, lakini mtu anayekimbia hakumbatiki vizuri, kwa hiyo alimsawazishia utepe kichwani. "Nenda, mdogo wangu," alisema Aune. "Barabara zitaganda."

Lempi aliingia garini. Marjorie aliendesha polepole kwa sababu ya barafu, na kwenye mteremko Aune alikwenda sambamba nao, upande wa dirisha la mama, kiasi cha nusu maili. Chini ya kilima ipo njia panda. Gari lilikata kulia kuelekea barabara kuu, na Aune akakata kushoto, maana mbio zinapita kushoto.