Jembe Mlangoni

Kibwana aliukwea mlima mbio mbio, moyo ukimdunda. Leo anamposa Shamsia! Aliegemeza jembe jipya mlangoni kwa mzee Mkude, mjomba wa Shamsia na mwenye kauli. Likiingizwa ndani, amepewa mke. Kisha akaupa mlango mgongo, akamgeukia mzee aliyeketi uwanjani.

"Shikamoo, mjomba. Nimecheleweshwa na kazi ya reli ya Wajerumani, si pombe. Pombe sinywi. Nilikunywa mara moja tu, na yule mwanamke wa Kingolwira..."

Akajiuma ulimi. Nani kamwuliza?

Mzee akaangua kicheko. "Hofu ndiyo inayokuuliza, nawe unaijibu! Jembe limeingia ndani tangu uliposema shikamoo."

Kibwana akageuka. Kweli, halipo! Akaruka kwa furaha.

"Ila huyo wa Kingolwira," mzee akasema, "kamweleze Shamsia. Ndiye aliyelichukua jembe, na bado yuko nyuma ya mlango."