Chini ya Kitambaa cha Kijani

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Walinilaza kwenye kitanda cha upasuaji, wakanitia dawa ya ganzi jichoni, kisha wakanifunika uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu moja tu, la jicho. Kabla daktari hajagusa kitu nilikwisha kukikwanyua kitambaa na kuketi, sinia la vifaa likaenda chini kwa kishindo.

Daktari hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Mama," aliniambia, "jicho la kushoto lilishakufa. Hili la kulia lina mtoto wa jicho, naye anatolewa vizuri tu. Ila kukulaza usingizi siwezi, moyo wako hautaki. Lazima utulie ukiwa macho. Rudi mwezi ujao. Ukininyanyukia nikiwa nimeshaanza, na hili tutalipoteza."

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Wakati huo nilikuwa nimemshonea mtoto wa watu kaptura yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, hata mama yake akaniuliza kama nilimpima mwanawe akiwa amesimama kwenye ngazi. Nilicheka naye. Alipoondoka, kaptura kaniachia niirekebishe, niliupapasa mshono ule kwa vidole, nikajua kicheko kile kina mwisho wake.

Muuguzi mmoja, msichana mwenye pengo, alikuwa amenifuata koridoni siku ile. Alisema lipo zoezi la kutulia, wengine huliita meditesheni: unakaa, unafumba macho, unaifuata pumzi yako inavyoingia na kutoka. Nifanye kila siku, tena uso ukiwa umefunikwa, nizoee.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia wifi yangu. Ni dada wa marehemu mume wangu, tunaishi pamoja tangu msiba. Aliliweka sufuria chini.

"Si yale ya watu wanaokunja miguu kama kuku wa sokoni?"

"Amesema nikae kitini."

"Na akili unaiacha tupu?"

"Nadhani ndivyo."

"Basi wifi, nyumba tupu hukaliwa na popo. Umesali maisha yako yote, leo unataka kumfungulia mlango usiyemjua?"

Hofu ile ilikuwa yangu pia. Nilisali, nikamwomba Mungu akae mlangoni yeye mwenyewe. Kisha nikaketi kwenye kigoda cha cherehani, nikajitupia usoni kipande cha kitambaa cha sare.

Pumzi ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikanipeleka kwenye unga ulioisha, unga ukanipeleka kwenye kaptura, na kaptura, sijui kwa njia gani, ikanifikisha kwenye uso wa mume wangu siku nilipoufunika kwa shuka, maiti tayari, kwa mkono huu. Nikakitupa kitambaa. Kesho yake hivyo hivyo. Siku zikawa zinakwenda, na kichwa changu kimejaa kama stendi ya mabasi.

Nikarudi kliniki kumwona yule muuguzi.

"Mwanangu, mimi sifai. Kichwa kimekataa kuwa kitupu."

Alicheka, kaniinamia karibu, pengo likaonekana. "Nani kakwambia kiwe kitupu? Kichwa kazi yake kuwaza, mama. Ukigundua umeondoka, unarudi kwenye pumzi. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Mimi nikiwa na njaa hurudi mpaka nachoka."

"Na Mungu wangu nimweke wapi?"

"Mwache hapo hapo alipo. Hakuna mwingine unayeambiwa umwite."

"Na hofu itaondoka lini?"

Hapo hakucheka. "Hiyo sikukuahidi, mama."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo. Jioni nilimwomba wifi anifunike yeye, kama watakavyonifunika wao, maana kujifunika mwenyewe si sawa na kufunikwa. Alikishika kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

"Siwezi," alisema. "Kaka yangu aliingia chumba kile cha upasuaji ametulia hivi hivi. Akaniambia nimwekee chai. Akatoka amefunikwa."

Ndipo nilipojua kuwa maneno yote yale ya popo yalikuwa hayo. Sikumlazimisha. Kesho yake alikuja mwenyewe bila kuitwa, akanifunika, akabaki amesimama nyuma yangu, namsikia anavyohema. Ikawa kazi yetu ya kila siku, nami kila siku nikaogopa kama jana.

Siku ilifika. Kitambaa cha kijani kikashuka, mwanga ukajaa, maji yakanitiririka shavuni. Daktari akasema, "Naanza. Usisogee." Nilianza sala ikanikatikia katikati, nikaiacha ikatike, Mungu anaujua mwisho wake. Uso wa mume wangu ukaja. Kidole changu kikanyanyuka kutoka kwenye shuka, nami nikakihisi kinanyanyuka. Nikarudi puani, kwenye joto la pumzi yangu chini ya kitambaa. Nikaondoka tena. Nikarudi. Hofu haikutoka chumbani hata kidogo, tulilala nayo kitanda kimoja mpaka daktari aliposema, "Tumemaliza, mama."

Asubuhi iliyofuata walinifungua bandeji. Daktari akaniuliza kama niliogopa.

"Tangu mwanzo hadi mwisho," nikamwambia.

"Mbona ulitulia?"

Nikamwambia nilikuwa na shughuli.

Wifi alikuwa kwenye benchi la koridoni, mikono mapajani, macho kayafumba, mabega yanapanda na kushuka polepole. Nilisimama nikamtazama vizuri. Mvi zimemjaa, na chini ya macho pamevimba kwa kukesha. Mambo hayo yote sikuwa nayajua.

"Wifi," nikamwita, "umezeeka."

Akafumbua macho. Alinitazama jicho, akanipungia kidole chake, akaona nakifuata huku na huku.

"Ulitaka nikungoje upone ndipo nizeeke?" akasema.

Tulipofika nyumbani alinipa ile kaptura na sindano. Uzi niliutunga mwenyewe.